Moteri Ikizama: Harakisha Kufungua, Usiharakishe Kuwasha



Mwezi huu tuongee juu ya moteri ya mtumbwi. Ninajua wengine mtasema: "Pasta, sisi hapa Mutshatsha ni watu wa reli na wa mgodi, mtumbwi ni wa nini?" Ngojeni kwanza. Kule juu ya Kolwezi kuna ziwa Nzilo, lile lililotokea wakati mto Lualaba ulipofungwa barrage katika miaka ya 1950. Jamaa nyingi zinakula kwa samaki wa pale. Tena, vijana wetu wanaochimba wanatumia motopompe za esanse kutoa maji kwenye mashimo. Moteri ni moteri. Ikinywa maji, dawa yake karibu ni moja.

Siku moja nilikuwa ku ziwa, nikingoja kuvuka. Upepo ukapiga mtumbwi, moteri ikachomoka kwenye ubao, ikazama. Vijana wakapiga mbizi, wakaitoa. Moteri ile ilikuwa ya ndugu watatu, waliochanga pesa mwaka mzima. Yule mdogo akakamata kamba, akavuta, akavuta. "Baba Pasta, nivute tena kiloko tu, itawaka!" Na mimi, mtu mzima, nikamwambia: "Vuta, mwanangu!"

Haikuwaka. Tukasema, fundi ataiona. Ikakaa siku nne juu ya mchanga. Fundi alipoifungua, gololi za ndani zilikuwa zimekamata kutu na pistoni imekwama. Akatuuliza: "Nani aliwaambia kuvuta? Na nani aliwaambia kungoja?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ninawaandikia leo.

Shikeni maneno mawili. La kwanza: maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa ndani ya silindri, pistoni inayagonga kama ukuta, na moteri ikizunguka kwa nguvu, bieli inaweza kupindika. La pili: chuma kilicholowa kinashika kutu upesi kikiguswa na hewa. Basi saa inaanza kuhesabu wakati moteri inatoka ndani ya maji, si wakati inaingia. Kama huna ufunguo wala fundi siku ile, afadhali uiache ndani ya pipa la maji safi, imefunikwa yote, mpaka utakapokuwa tayari. Inashangaza, lakini ni kweli.

Sasa kazi yenyewe. Usiwe na sigara wala moto karibu.

1. Toa kifuniko, osha matope na mchanga kwa maji safi. Zungusha volani polepole kwa mkono, bila nguvu. Ukisikia inakwaruza, acha, ita fundi. Mchanga unakula silindri.

2. Toa buji zote. Nyaya zake zifunge kwenye chuma cha moteri, mbali na matundu, ili cheche isiwashe esanse inayotoka.

3. Laza moteri, matundu ya buji yaangalie chini. Sasa ndipo uvute kamba, polepole, mara nyingi, mpaka maji yaishe kutoka.

4. Fungua skrubu ya chini ya kariburateri, mwaga yote. Mwaga pia esanse ya tanki. Ukitaka kujua kama ina maji, itie ndani ya chupa nyeupe, ngoja kidogo: esanse ni nyepesi, itakaa juu, maji yatabaki chini.

5. Tia kijiko cha mafuta ya moteri katika kila tundu la buji, vuta tena kidogo, mafuta yafike pote.

6. Kama ni moteri isiyochanganya mafuta na esanse, kama motopompe nyingi, angalia mafuta ya chini. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yana maji. Yamwage, tia mapya, washa kidogo, kisha badilisha tena mpaka yabaki safi.

7. Kausha buji na nyaya, rudisha, tia esanse mpya, washa. Ikiwaka usiizime upesi. Iache itembee nusu saa au zaidi, joto likaushe ndani. Lakini moteri ya mtumbwi iwe ndani ya maji, hata ya pipa, sababu pompe yake ya kupoza inaungua ikitembea kavu.

Na nyinyi wa motopompe, sikieni tena: ikipona, msiishushe ndani ya shimo. Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anaona kama usingizi tu, na haamki.

Mama, ufunguo wa buji, chupa ya mafuta na kitambaa kikavu viwekwe ndani ya mfuko mmoja, na mfuko ule usafiri pamoja na mtumbwi kila siku. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya moteri. Wale ndugu watatu, wakati tulipoonana mara ya mwisho, walikuwa bado wanapiga kasia.

Mbaki na amani. Tutaonana mwezi ujao.