Dakika za usalama wa mafundi wa umeme Pwani zisiitwe uzembe

KILA upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu na mvua za masika kupamba moto, wakazi wa Malindi, Watamu na Kilifi hujua kitakachofuata. Mnazi huangukia nyaya, transfoma hulipuka na mitaa mizima hutumbukia gizani. Muda si muda, simu humiminika katika kampuni ya Kenya Power, na swali huwa ni lile lile: Umeme utarudi saa ngapi?

Ni nadra mno kwa mtu kuuliza swali la pili: Je, fundi anayepandishwa juu kwenda kuurejesha atashuka salama?

Wananchi wengi huamini kwamba lori lenye mkono mrefu na kikapu cha kumwinua fundi limeondoa hatari zilizoandamana na ngazi na viatu vya chuma vya kukwelea nguzo. Ukweli ni kwamba limeibadilisha hatari sura tu. Mkono wa lori hilo huwa na sehemu isiyopitisha umeme, na sehemu hiyo humkinga fundi dhidi ya mkondo unaotaka kupitia mwilini mwake kuelekea ardhini. Haimkingi hata kidogo iwapo atagusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, au waya pamoja na kifaa kilichounganishwa na ardhi.

Isitoshe, kinga hiyo hufanya kazi tu inapokuwa safi na kavu. Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na bara. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hutanda juu ya vikombe vya nguzo na juu ya mkono wa lori. Umande au manyunyu yakishuka, utando huo huanza kupitisha umeme. Katika maeneo ya Gongoni, Ngomeni na Marereni, ambako chumvi huvunwa, chuma huliwa na kutu upesi. Lori lililopita ukaguzi vizuri huenda likawa na pini au bolti iliyodhoofika kabla ya siku ya ukaguzi mwingine kuwadia.

Ardhi nayo ina mitego yake. Kabla ya kikapu kuinuliwa, dereva hutakiwa kushusha miguu ya kuegemeza lori. Kwenye mchanga wa Mambrui au Watamu, ama kwenye udongo uliolowa kando ya Mto Sabaki baada ya mafuriko, mguu mmoja unaweza kuzama fundi akiwa tayari yuko juu. Ndiyo maana mbao nene au sahani maalumu huwekwa chini ya miguu hiyo, na ndiyo maana kazi husitishwa upepo unapozidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa lori.

Hatari isiyoonekana kabisa ni ya jenereta. Malindi na Watamu ni miji ya hoteli na majumba ya kifahari, na umeme ukikatika jenereta hunguruma kila upande. Pale ambapo mwenye nyumba hakuweka swichi ya kutenganisha jenereta na laini ya mtaa, umeme wake hutoroka na kurudi kwenye nyaya. Transfoma inayoteremsha umeme kutoka volti 11,000 hadi volti 240 za nyumbani hugeuka na kuupandisha tena. Laini ambayo fundi ameambiwa imezimwa huwa imefufuka bila yeye kujua.

Dawa ya hatari hiyo inafahamika: kuzima laini, kufunga swichi ili asiwepo mtu wa kuiwasha, kupima iwapo umeme umekwisha, kisha kuunganisha nyaya na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi. Hatua zote hizi huchukua muda. Kwa mwenye kungoja gizani, muda huo huonekana kuwa uzembe.

Malalamiko ya wateja hayakosi msingi. Mchuuzi wa samaki ambaye jokofu lake limezimika tangu alfajiri hupata hasara halisi, na zahanati inayohifadhi chanjo haiwezi kuambiwa ivute subira tu. Mnamo Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, hasira za wananchi zilikuwa za haki. Lakini shinikizo hilo huishia kumwangukia mtu wa chini kabisa, naye ni fundi aliye ndani ya kikapu.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 14, humtaka mfanyakazi aripoti hali yoyote anayoamini kwamba ni ya hatari kubwa, na humzuia mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla ya kuirekebisha. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo humlazimisha mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima.

Hata hivyo, haki iliyo kwenye karatasi humfaa zaidi aliyeajiriwa kwa kudumu. Kibarua wa mwanakandarasi anajua fika kwamba anayekataa kupanda leo huenda asiitwe kesho. Kwa hivyo, mikataba inayotolewa kwa wanakandarasi inapaswa kutaja waziwazi kwamba muda wa kukagua lori, kupima laini na kuiunganisha na ardhi ni sehemu ya kazi yenyewe, na unalipiwa. Nayo Kenya Power inapotangaza saa ya umeme kurejea, iujumuishe muda huo badala ya kutoa ahadi ambayo fundi atalazimika kuitimiza kwa roho yake.

Wakazi pia wana wajibu. Mwenye hoteli aajiri fundi aliyeidhinishwa kufunga swichi ya jenereta. Anayeona waya umeanguka asiusogelee, bali apige simu nambari 97771. Umati nao, wakiwemo wahudumu wa bodaboda, ujiepushe na lori lililo kazini, kwani likigusa waya wenye umeme, hata ardhi inayolizunguka inaweza kuua. Dereva mwenyewe hufunzwa kubaki ndani mpaka laini izimwe, isipokuwa moto ukizuka.

Wahenga wa Pwani walisema usione vyaelea, vimeundwa. Taa inayowaka tena baada ya dhoruba imeundwa na mtu aliyening'inia juu ya barabara. Akiomba dakika 20 za kuhakikisha kwamba waya umekufa kweli, apewe.