Kambarage: jina la mvua tuliloligeuza jina la uwanja

Nimepotea kidogo, testi zilinibana na bumu likakata mapema, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo sina stori ya hosteli wala ya foleni ya chakula. Nina jambo la jina, na linanigusa mimi kama mjomba na kama mwalimu mtarajiwa.

Wiki iliyopita dada yangu kajifungua mtoto wa kiume kule kwetu Malolo. Kwa wasiopajua, ukitoka Iringa unateremka Kitonga, unashukia Ruaha Mbuyuni, unaiacha lami na kuingia ndani kwa bodaboda. Wilaya ni Kilosa, jimbo ni Mikumi. Ni nchi ya vitunguu na mpunga, tunamwagilia kwa mifereji ya skimu ya Mwega. Sasa sisi Wasagara ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kupewa taarifa tu. Dada akanipigia: "Kaka, wewe ndiyo msomi wetu, tafuta jina. Ila usituletee akina Brayani, wapo watatu tayari kitongoji hiki hiki."

Nikamuuliza mtoto kazaliwa siku gani. Akasema usiku wa ile mvua kubwa, iliyosomba kitalu chote cha vitunguu cha shemeji. Nikamjibu palepale: Kambarage. Dada alicheka mpaka simu ikakatika.

Najua na ninyi mnacheka. Wengi wetu tukisikia Kambarage tunamfikiria Mwalimu Nyerere, halafu ule uwanja wa mpira wa Shinyanga, tunaishia hapo. Na mimi nilikuwa naishia hapo mpaka mwaka jana. Sababu nitaisema mbele, ingawa hainipendezi kuisema.

Kambarage ni jina la Kizanaki, kabila dogo la mkoa wa Mara. Ni jina la mzimu wa mvua, tena mzimu wa kike. Mtoto wa Chifu Nyerere Burito na mama Mugaya alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, katikati ya masika. Kwanza alipewa jina la Mugendi, yaani mtembezi. Haukupita muda mrefu, mganga mwenye kuagua akashauri libadilishwe, ndipo akawa Kambarage. Baba yake naye alikuwa na jina la tukio. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi, kwa sababu mzee alizaliwa wakati viwavi vimevamia nchi. Hilo la Julius lilikuja baadaye kabisa, alipobatizwa Desemba 1943, kijana wa miaka 21. Yaani alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, hapakuwa na Julius pale. Alikuwa Kambarage tu.

Angalieni hapo jamani. Baba viwavi, mtoto mvua. Hakuna aliyekuwa anatafuta jina la ukubwa. Watu waliitazama siku, wakaona nini kimetokea, wakamkabidhi mtoto akitunze.

Majirani zetu Kenya wanayo majina ya namna hii na hawayaonei aibu. Mluo akizaliwa mvua inanyesha anaitwa Okoth, Mkamba anaitwa Wambua, Mkalenjin anaitwa Kiprop. Yule mkimbiaji wa mita 1500, Asbel Kiprop, kakimbia dunia nzima na mvua yake mgongoni. Ukiingia darasa lolote kule unawakuta. Lakini Kambarage, nimetimiza miaka ishirini na mbili katika nchi hii na nimekutana na mmoja tu aliye hai.

Kwa nini? Mimi naona sababu mbili. Kwanza, tulikua tukijua kwamba jina la kikabila ni la nyumbani, la kuitwa na bibi. Shuleni unakwenda na la dini, la Kizungu au la Kiarabu. Mwalimu alitujengea nchi ambayo mtu hakuulizi kabila, na hilo namshukuru kila siku. Chumbani kwangu nalala na Mhaya na Mpemba na ugomvi wetu ni wa pasi tu. Lakini tulipokuwa tunautupa ukabila, na majina mengine yalidondoka humo humo, la kwake likiwemo.

Pili, jina lenyewe tumelipandisha juu mno. Julius wamejaa mitaani, kwa sababu Julius ni wa wote, hata Kaisari yumo. Kambarage tukamwachia mtu mmoja, tukaliandika kwenye viwanja na mabango. Mzazi akilifikiria anaogopa, anaona kama amevaa koti la serikali.

Sasa nije kwenye ile sababu yangu.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja, siitaji. Kidato cha pili, Kiswahili na Historia. Siku ya kwanza naita mahudhurio, nikafika kwenye jina Kambarage. Nikasimama kabisa. "Ahaa, kumbe leo tunaye Rais! Mheshimiwa, hebu njoo utufutie ubao." Darasa zima lilivunjika mbavu. Na mimi nikajiona mwalimu mchangamfu, nimeshawapata watoto siku ya kwanza.

Kuanzia hapo jina lake likawa Mheshimiwa. Akikosa swali, "Mheshimiwa kachemsha." Akija na shati lililochanika bega, "Mheshimiwa, bajeti imekwama?" Hiyo ya shati sikuisema mimi. Ila niliicheka.

Wiki ya tano nasahihisha madaftari, nakutana na Kelvin. Nikauliza Kelvin ndiyo nani, akanyoosha mkono yule yule. Nikamwita nje, nikamuuliza kwa nini kabadili jina. Hakukasirika wala nini. Akasema, "Mwalimu, lile ni jina la uwanja." Nikamuuliza nani alimpa, akasema bibi mzaa baba, alitokea Musoma, keshafariki. Nikamuuliza maana yake. Hajui. Halafu akanitazama akingoja nimwambie, kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Na mimi sikujua! Mwalimu wa Historia huyo!

Ndiyo nikaenda kusoma haya niliyoyaeleza hapo juu. Kipindi kilichofuata niliwaeleza darasa zima habari ya mvua, viwavi na Mugendi, nikamwomba radhi mbele yao. Walinyamaza. Sisemi kwamba yaliisha siku hiyo, watoto ni watoto. Mazoezi yaliisha wiki mbili baadaye. Kwenye daftari la mwisho nililosahihisha aliandika K. halafu jina la baba yake. Ile K inaweza kuwa ya lolote kati ya yale mawili. Mpaka leo nikiikumbuka nakosa raha.

Tunapenda kulaumu televisheni na wazazi wa siku hizi kwamba wameua majina yetu. Mimi nasema tutazame na rejista. Mtoto anatoka nyumbani na jina alilopewa na bibi, anafika darasani, mwalimu analivunjavunja au analifanyia utani, wenzake wanadaka, na kabla ya kidato cha nne lile jina limeshakwisha. Halihitaji sheria ya kulifuta. Linahitaji mwalimu mmoja mchekeshaji kama nilivyokuwa mimi.

Kwa hiyo juzi nimempigia dada tena, nikamweleza yote. Kwamba simpi mtoto jina la Rais, nampa jina la ile mvua. Mama mkwe wake alikuwa pembeni, nikamsikia: "Mzimu? Sisi ni watu wa kanisa!" Nikamwambia mama, shikamoo, Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na jina la Kambarage alikaa nalo mpaka anafariki tarehe 14 Oktoba 1999. Akaguna. Kuguna kwa mama yule si kukataa, ila si kukubali pia.

Halafu dada akachukua simu. Akasema, "Sawa kaka, jina nimelipenda. Ile mvua imetutia hasara lakini ndiyo iliyomleta. Sasa niambie, akienda shule akikutana na mwalimu kama wewe?"

Wadau, sikuwa na jibu. Nilimwambia nitampigia baadaye.

Jibu nimelitafuta siku mbili, na ni hili, wala si kubwa. Wenzangu wa ualimu tunaokwenda mazoezini mwaka huu, tuisome rejista usiku kabla ya kuiita. Jina usilolijua muulize mwenyewe namna linavyotamkwa, kwa upole, si kwa darasa kusikia. Halafu mpe kila mtoto kazi moja ya nyumbani ya Kiswahili: aulize jina lake lilitoka wapi, aandike ukurasa mmoja. Haigharimu hata chaki. Mtoto aliyeiandika habari ya jina lake kwa mkono wake, ni vigumu kumcheka akalitupa. Huyo Kambarage tunayemwita Mwalimu alishika chaki Tabora na Pugu kabla ya siasa. Jina hilo la Mwalimu ndilo alilobaki nalo mdomoni mwa watu, kuliko hata urais.

Jumamosi naenda Malolo, kikao cha ukoo kitaamua. Upande wa shemeji wana jina la babu yao mfukoni, na wana haki yao. Nikishinda nitawaambia, nikishindwa pia nitawaambia.

Haya, na wewe unayesoma, jina lako lina habari gani? Kama hujui, piga simu nyumbani leo, wakati wa kukuambia bado wapo. Mimi naenda kufua, maji yametoka. Tukutane tena, Mungu akipenda.