Nusu Inchi ya Kidole Gumba

Siku ya Jumamosi katika kiwanja cha gofu, iwe Kitante mjini Kampala, iwe Entebbe au Jinja, hakosekani bwana mwenye kifua kipana na mikono ya nguvu ambaye huupiga mpira kwa kishindo, ukaruka vizuri, kisha ukapinda na kuzama vichakani. Bwana huyo hutazama fimbo yake, hutazama upepo, pengine hutazama hata viatu vyake. Lakini kijana anayembebea mfuko wa fimbo hutazama mahali pamoja tu, navyo ni vidole gumba vya bwana huyo.

Kosa lilikwisha fanyika kabla fimbo haijainuliwa. Fimbo hugusana na mpira kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo hakuna binadamu awezaye kurekebisha jambo. Mikono inapovutwa na mwendo wa kasi hutaka kurudi katika hali yake ya asili, kama inavyoning'inia mtu anapotembea. Ikiwa iliushika mpini huku imepindwa, itajinyoosha, na katika kujinyoosha itaupindua uso wa fimbo. Hapo nguvu haisaidii. Kadiri mtu anavyozidi kupiga kwa nguvu, ndivyo mpira unavyozidi kupotea mbali.

MIAKA KUMI YA TAABU

Aliyelijua jambo hili kwa uchungu ni Ben Hogan, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1912. Alifiwa na baba yake angali mtoto wa miaka 9, akauza magazeti, kisha akawa mbeba fimbo katika klabu ya Glen Garden mjini Fort Worth. Mwaka 1930 alianza kucheza kwa kulipwa, na kwa miaka mingi hakupata ushindi wa peke yake hata mmoja. Ugonjwa wake ulikuwa mpira uliopinda ghafla kwenda kushoto. Mwaka 1938, yeye na mkewe Valerie walipokwenda katika mashindano ya Oakland, California, fedha zilikuwa karibu kwisha, na asubuhi moja walikuta magurudumu ya gari lao yameibwa. Zawadi aliyoipata katika mashindano hayo ndiyo iliyomwezesha kuendelea na kazi yake.

Mwenzake Henry Picard, bingwa wa Masters wa mwaka huo huo wa 1938, ndiye aliyemsaidia kuona kwamba mkono wake wa kushoto ulikaa upande wa kulia mno juu ya mpini. Mwaka 1940 Hogan alishinda Pinehurst, ushindi wake wa kwanza wa peke yake. Vita vikaja, naye akatumikia jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 1946 aliyarudia mazoezi, akausogeza mkono wa kushoto kadiri ya nusu inchi kuelekea kushoto, hata kidole gumba kikakaa juu kabisa ya mpini, akarekebisha na mkunjo wa kifundo cha mkono. Mwaka huo huo alitwaa ubingwa wake mkubwa wa kwanza. Mpaka mwaka 1953 alikuwa ametwaa mataji makubwa 9, mengi ya hayo baada ya ajali ya mwaka 1949, ambapo gari lake liligongana na basi na kumvunja mifupa. Alipotoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1957, somo la kwanza kabisa lilikuwa namna ya kushika fimbo.

MKONO WA KUSHOTO

Maelezo yafuatayo ni ya mtu atumiaye mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze kila kitu.

Simama wima, uache mkono wa kushoto uning'inie bila kuukaza. Weka mpini ukate kiganja mshazari, kuanzia pingili za kidole cha shahada hadi chini ya ile nyama iliyo kwenye kitako cha kiganja. Funga vidole. Vidole vitatu vya mwisho ndivyo vyenye kazi ya kushikilia. Kidole gumba kikae juu ya mpini, kikielekea upande wa kulia kidogo tu, kisinyooshwe mpaka mwisho wake, bali kivutwe nyuma kidogo. Kidole gumba kilichonyooshwa mno hubeba uzito wa fimbo inapofika juu ya bega, na wengi hupata maumivu ya shina la kidole kwa sababu hiyo.

Sasa tazama chini. Vifundo viwili vya vidole vionekane, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati. Ukiona vitatu au vinne, mkono umekwenda kulia mno na mpira utapinda kushoto. Ukiona kimoja tu, mkono umekwenda kushoto mno, na mpira utapinda kulia. Hogan aliupeleka mkono wake kushoto zaidi ya wengi kwa kuwa ugonjwa wake ulihitaji dawa hiyo. Asiye na ugonjwa huo asiinywe.

MKONO WA KULIA

Mkono wa kulia hushika kwa vidole kuliko kiganja, hasa kidole cha kati na kile cha pete. Shimo la kiganja chake hufunika kidole gumba cha kushoto, kama kifuniko kilichokaa sawasawa juu ya chungu. Kidole cha shahada hujikunja kama kinavyojikunja katika kilinda risasi, pembeni ya mpini. Kidole gumba cha kulia hulala upande wa kushoto kidogo wa mpini, wala hakibonyezi. Kikibonyeza kwa nguvu, huuamsha mkono wa kulia kuutawala wa kushoto, na fimbo huacha njia yake.

Kidole cha mwisho cha kulia hupanda juu ya nafasi iliyo kati ya kidole cha shahada na cha kati cha kushoto. Mshiko huu huitwa kwa jina la Harry Vardon wa kisiwa cha Jersey, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara 6 kati ya mwaka 1896 na 1914, ingawa Johnny Laidlay wa Scotland aliutumia kabla yake. Wenye mikono midogo, pamoja na akina mama wengi na vijana, waweza kuvifunganisha vidole hivyo viwili. Hivyo ndivyo alivyoshika Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18. Mtoto anayeanza aweza kushika kwa vidole vyote kumi.

MAZOEZI NYUMBANI

Fimbo za gofu ni ghali, lakini mshiko hauhitaji kiwanja wala mpira. Aliyeazima fimbo moja aishike sebuleni jioni kwa dakika kumi, aiachie, aishike tena, bila kuizungusha karibu na watoto wala taa. Mwenzake nyumbani na amkague kutoka mbele: pembe zinazofanywa na kidole gumba na cha shahada, zenye umbo la herufi V, katika mikono yote miwili zielekee kati ya kidevu na bega la kulia. Asikaze kana kwamba fimbo itaporwa. Dalili ya kukaza ni misuli ya mikono kusimama na malengelenge kutokea viganjani.

Jambo moja litamshangaza. Mshiko ulio sahihi huonekana mbaya kwa aliyezoea kosa. Mkono utalalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na mipira ya kwanza huenda ikawa mibaya kuliko ya zamani. Wengi hurudi nyuma hapo hapo, wakarejea vichakani kutafuta mipira yao. Asiyerudi nyuma, baada ya majuma machache atashangaa kuona mpira unakwenda mbele, naye hakuongeza nguvu hata chembe.