Marekani Tunaiona Kila Siku, Lakini Hatuisomi



Wakati wa likizo mwaka 2025 nilikuwa katika kigango kimoja cha milima ya Uluguru. Baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinivuta pembeni. "Frateri, nasikia Wamarekani wamesimamisha misaada ya dawa. Mimi nina mtu nyumbani anazimeza kila siku. Kwa nini mtu aamue huko, sisi tuhangaike huku?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya siasa. Akaniangalia, akasema, "Haya, Frateri," akaenda zake. Sikumdanganya, lakini sikumsaidia.

Niliporudi seminarini nilianza kusoma. Mpango wa PEPFAR, unaogharimia dawa za kufubaza VVU, ulianzishwa mwaka 2003 na Rais George W. Bush. Wakristo wengi wa nchini mwake waliuunga mkono, na Bunge lao liliupitisha kwa kura za vyama vyote viwili. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Kumbe ili kumjibu mama yule nilihitaji kujua katiba ya Marekani, uchumi wake, dini zake na historia yake, vyote kwa pamoja.

Wamarekani wenyewe waliliona jambo hili zamani. Tangu miaka ya 1930 vyuo kama Yale na Harvard vilianza kufundisha fani inayoichunguza jamii yao kwa kuunganisha historia, fasihi, dini, siasa na sanaa. Mwanafunzi hachagui dirisha moja, anaizunguka nyumba nzima.

Sisi wa Morogoro tunajua hasara ya dirisha moja. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu waliujua udongo. Hawakupima vya kutosha mzigo wa kazi hiyo kwa wakulima, wala uzito wa ardhi kwa koo zinazofuata upande wa mama. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ukaachwa.

Nasi leo tunaitazama Marekani vivyo hivyo. Kijana anaijua kwa hip hop, bila kujua muziki huo ulizaliwa miaka ya 1970 katika mitaa ya watu maskini ya Bronx. Muumini mwingine anaijua kwa wahubiri wa utajiri anaowatazama kwenye simu. Mfanyabiashara anaijua kwa bei ya dola. Hata sisi Wakatoliki, alipochaguliwa Papa Leo XIV tarehe 8 Mei 2025, wengi tulishangaa kwamba Papa anaweza kuzaliwa Chicago. Wangapi tunajua kwamba Wakatoliki wa nchi ile kwa muda mrefu walikuwa wahamiaji maskini waliodharauliwa, kutoka Ireland, Italia na Poland? Rais wao wa kwanza Mkatoliki, John F. Kennedy, alichaguliwa mwaka 1960 tu.

Ndugu yangu mmoja hapa seminarini ananipinga. Anasema tuna matatizo yetu, na kuisoma Marekani ni kuzidi kuipigia magoti. Namheshimu, lakini naona kinyume chake. Anayepiga magoti ni yule anayepokea bila kuuliza. Vyuo vya Marekani vinafundisha Kiswahili na kuchunguza maisha yetu. Kwa nini sisi tujulikane tu, tusijue?

Siombi shahada mpya. Naomba vyuo vyetu na seminari zetu zitenge kozi moja, ambapo mwalimu wa historia, wa uchumi, wa dini na wa falsafa watakaa meza moja kuichambua nchi inayogusa maisha yetu kiasi hiki. Falsafa imetufundisha kuuliza sababu za mambo. Tuulize na hili.

Likizo ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kigangoni. Nitamtafuta mama yule, tukae kibarazani, nimweleze polepole. Na nikishamaliza, nimwombe radhi kwa jibu lile la kwanza.