Deni Lisiitwe Zawadi

Mwaka 2007, watafiti waliokuwa wakichunguza wanyama wa bonde la Lomami walimkuta kima mchanga akifugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi katika mji wa Opala. Wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani: lesula. Wawindaji walimjua, na akina mama waliompika walimjua. Kwa wataalamu, hata hivyo, alikuwa mgeni kabisa. Mwaka 2012 walimtangaza rasmi kuwa spishi mpya, na kwa siku chache jina la Opala likasomwa katika magazeti ya dunia nzima. Mwaka 2016 Serikali ikaanzisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000.

Hatumwonei kima wivu. Tunakumbusha habari hii kwa sababu iko elimu nyingine ambayo wazee wa Lomami wanayo tangu zamani na ambayo bado haijaandikwa ipasavyo, nayo ni jinsi makampuni yanavyoishi na watu: yanavyoahidi, yanavyotia sahihi, yanavyosahau. Vijana wetu wanaosoma uchumi na uongozi wa biashara mjini Kisangani huandika tasnifu juu ya wajibu wa makampuni kwa jamii, wakichukua mifano ya Paris na Marekani. Wakimaliza, hupanda pikipiki au mtumbwi kurudi nyumbani, wakipita kando ya magogo yaliyorundikwa ufukweni. Hawayatazami.

Tusidharau lakini yale wanayojifunza. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni ni kuwaongezea wenyewe faida, mradi sheria na taratibu zifuatwe. Mwaka 1984 Edward Freeman akajibu kwamba kampuni haina wenye hisa peke yao. Inao wafanyakazi, wateja, wauzaji na majirani, na wote hao wana haki ya kuzingatiwa. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Caritas in Veritate wa mwaka 2009, aliligusa jambo hilo hilo na kuegemea upande wa pili: anayeongoza kampuni hawezi kuwajibika kwa wenye mali tu, bali pia kwa jamii inayomzunguka. Naye Archie Carroll, mwaka 1991, alichora piramidi. Chini kabisa, kampuni ijitegemee kiuchumi. Juu yake, itii sheria. Juu yake tena, itende haki hata pale sheria iliponyamaza. Na kileleni kabisa, kwa hiari yake, itoe misaada.

Piramidi hiyo tunaipenda, kwa maana inatuonyesha mara moja ugonjwa wetu. Huku kwetu imesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Kampuni inapoingia kijijini huanza na kilele: jezi kwa timu ya vijana, mabati kadhaa, gunia la chumvi, bia kwa wazee. Kuna hotuba na makofi. Yale ya chini yake, yaani mkataba, mishahara, malipo yaliyowekwa na sheria, huahirishwa hadi msimu ujao. Na sisi wenyewe, kwa kuwa tumezoea ukosefu, tunashukuru kwa jezi kana kwamba ndizo tulizokuwa tukidai.

Historia ya mto wetu inaonyesha kwamba desturi hii si ya jana. Katika enzi ya Leopold wa Pili bonde la Lomami lilikuwa na kampuni yake, Compagnie du Lomami, na wazee wetu walirithi masimulizi ya mpira wa porini ambayo hatuna haja ya kuyarudia hapa. Tunataka kukaa zaidi na kisa cha baadaye, kwa kuwa kinafundisha zaidi. Mwaka 1911 mfanyabiashara Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni, alitiliana sahihi mkataba na serikali ya Ubelgiji na kuanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge. Huko kwao Lever alisifika kuwa tajiri mwenye huruma. Alikuwa amewajengea wafanyakazi wake kijiji kizuri kiitwacho Port Sunlight, chenye bustani na shule. Mkataba wa Kongo nao ulikuwa na maneno mazuri: kampuni ilipaswa kujenga shule na hospitali, na kulipa ujira usiopungua kiwango kilichowekwa. Mojawapo ya maeneo yaliyotolewa liliitwa Elisabetha, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Leo ni Lokutu, katika teritwari ya Basoko, humu humu katika jimbo letu la Tshopo; anayeshuka Lomami hadi Isangi, kisha akafuata mto mkubwa, atafika.

Zahanati zilijengwa, na shule pia. Ila Jules Marchal, mwanadiplomasia Mbelgiji aliyetumia miaka mingi akisoma nyaraka za ukoloni, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwamba watu walilazimishwa kukata ngazi za michikichi kwa malipo duni, huku maofisa wa serikali wakisaidia kuwasukuma kazini. Mkataba ulikuwa mzuri. Aliyekosekana ni mtu mwenye uwezo wa kumwuliza Lever swali. Waliotia sahihi walikuwa Brussels na Uingereza. Waliopanda michikichi hawakuitwa mezani.

Miaka 100 baadaye, mashamba hayo yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Feronia, iliyoyanunua mwaka 2009, na mabenki ya maendeleo ya Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji yalikuwa yametia fedha ndani yake. Mwaka 2018 vijiji, vikisaidiwa na shirika la RIAO-RDC, vilipeleka malalamiko juu ya ardhi kwenye chombo huru cha malalamiko cha baadhi ya mabenki hayo. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti juu ya mishahara duni, sumu za kunyunyizia mimea na maji machafu. Mwaka 2020 Feronia ikafilisika na mashamba yakapata wawekezaji wengine. Kesi ya ardhi ilibaki pale pale, na wazee waliokumbuka mipaka ya zamani wanazidi kuondoka. Hata hivyo jambo moja lilikuwa jipya: safari hii watu wa mto waliuliza, kwa maandishi, na mlango ambao ulipaswa kusikiliza ulikuwapo.

Nasi wa Opala tunao mlango wa namna hiyo, pengine karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inamtaka mwenye kibali cha kukata miti awe na masharti ya kijamii anayokubaliana na wenyeji. Ndiyo yale ambayo watu wetu huyaita cahier des charges. Agizo la waziri la mwaka 2010 likaweka mfano wa mkataba huo. Kwa agizo hilo, kwa kila mita ya ujazo ya mti uliokatwa, kampuni ilitakiwa kuweka katika mfuko wa maendeleo wa kijiji dola 2 hadi 5, kufuatana na aina ya mti. Kunaundwa kamati ya wenyeji ya kuusimamia mfuko na kamati nyingine ya kufuatilia. Tuseme wazi kwamba kiwango hicho ni kidogo. Afrormosia, mti ambao misitu ya Kisangani inasifika kwa ajili yake, ukishapasuliwa na kufika masoko ya nje, mita moja ya ujazo huuzwa kwa mamia ya dola. Lakini hata hicho kidogo ni deni la kisheria. Darasa lililojengwa kwa fedha hizo limejengwa kwa miti ya kijiji, na kampuni isiliandike jina lake ukutani kana kwamba imetoa sadaka.

Hapa lazima tugeuze kidole. Tunapozungumza juu ya utawala bora wa makampuni, mawazo yetu hukimbilia wazungu na watu wa Kinshasa. Je, kamati zetu? Tumeshuhudia, katika kijiji tusichokitaja, mweka hazina ambaye daftari la mfuko lilikuwa kichwani mwake tu, na alipofariki hesabu nzima ikazikwa pamoja naye. Tumesikia akina mama wakisema kwamba waliona saruji ikipita kuelekea nyumba ya mtu. Ni rahisi kuidai kampuni uwazi. Ni vigumu kumdai mjomba. Mtu anayeuliza huambiwa hana adabu, au ametumwa na adui wa ukoo. Tunawaheshimu wakubwa wetu, na hatutaki vijana wawe watukanaji. Ila heshima inayozuia hesabu kusomwa hadharani humsaidia mwizi tu, awe mgeni au mwenyeji.

Tazameni tofauti hii. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika sheria za biashara za OHADA. Kwa sheria hizo, kampuni ya hisa inapaswa kuita mkutano wa wenye hisa kila mwaka na kuwaonyesha hesabu. Mwenye hisa mia moja tu, akiwa amelala kwake ng'ambo, ana haki ya kuzisoma. Mama wa Opala, ambaye bibi yake alikusanya viwavi na fumbwa chini ya mti uliokatwa, hawezi kusubiri hesabu yake imfikie kwa njia hiyo. Njia yake ni ule mkataba wa kijamii, na ile kamati, na lile daftari.

Ndiyo maana tunawageukia ninyi vijana wa parokia, hasa mliofika vyuo vikuu. Mkataba umeandikwa kwa Kifaransa cha mawakili. Wengi wa walioutia sahihi kwa kidole gumba hawakuweza kuusoma. Kazi ya kuufasiri kwa Kimbole, kwa Kilingala na kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, na kuusoma kwa sauti baada ya Misa mbele ya watu wote, akina mama wakiwemo, haihitaji mfadhili. Inahitaji nakala, na nakala ombeni kwa kamati, kwa ofisi ya teritwari, au kwa kampuni yenyewe. Mkinyimwa, andikeni tarehe mliyoomba na cheo cha aliyewanyima. Kisha hesabuni magogo yanayopita mtoni, mwezi kwa mwezi, mkilinganisha na yaliyotangazwa. Mwanafunzi atakayefanya hivyo kwa mwaka mmoja atakuwa na tasnifu ambayo maktaba ya Kisangani haina, na kijiji chake kitakuwa na karatasi ya kuweka mezani siku wajumbe wa kampuni watakaporudi na jezi.