Kompyuta anunue mwingine, ufunguo ashike fundi?

Katika miji ya Kivu na Ituri kuna mauzo ya kompyuta ambayo hayastahili kuitwa mauzo. Mzazi, ao kamati ya wakimbizi wa ndani, wanachanga dola kidogo kidogo na kununua mashini mpya. Fundi wa butiki anaiwasha mara ya kwanza, anaandika jina lake, anaweka neno la siri lake, kisha anamtengenezea mnunuzi akaunti ndogo pembeni. Siku mnunuzi anataka kuweka programu ya printa, mashini inamuomba neno la siri la administrateur. Neno hilo liko kwa fundi, na fundi anataka pesa.

Huo si msaada. Katika Windows, akaunti ya kwanza kutengenezwa ndiyo inapewa mamlaka yote: kuweka programu na kuzifuta, kubadilisha maneno ya siri ya wengine, hata kufungua mafaili yao. Kwa familia iliyokimbia vita, hilo si jambo dogo. Picha ya kadi ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na diplome pengine vimebaki ndani ya mashini tu, kwa sababu karatasi zenyewe ziliungua ao ziliachwa kijijini. Kila mara mashini inaporudi butiki, mtu mwingine ana njia ya kuvifikia. Kwa haki gani?

Mafundi wanajitetea: mteja hajui, ataharibu. Kweli, anaweza kuharibu. Lakini dawa si kumnyima mwenye mali ufunguo wake. Dawa ni kumuonyesha akaunti mbili: moja ya administrateur kwa kazi ya kuweka programu, nyingine ya kawaida kwa kila siku. Hapo virusi ikiingia kwa flashi, inakuta mlango mkubwa umefungwa.

Wako pia vijana wanaokimbilia kuamsha ile akaunti iliyofichwa. Windows inailaza kwa makusudi tangu Vista: ikiamka, haiombi ruhusa kabla ya kubadilisha kitu, na mara nyingi haina neno la siri. Tena amri ya Kiingereza inakataa kwenye mashini ya Kifaransa, maana huko akaunti inaitwa Administrateur, si Administrator. Mashini ikikwama, inaweza kusaidia. Kazi ikiisha, ilazwe tena.

Basi, kabla ya kutoa dola ya mwisho, mnunuzi afungue Paramètres, kisha Comptes. Chini ya jina lake paandikwe Administrateur. Kama hapana, fundi ampe mamlaka hayo palepale, akaunti ya fundi ifutwe, na mnunuzi aandike neno la siri mwenyewe, fundi akiangalia upande mwingine. Fundi akikataa, pesa irudi mfukoni. Butiki si moja.