Kijana wa Masisi asifundishwe kubeba mawe tu

Ndugu wasikilizaji, nanyi wazazi mliorudi vijijini baada ya kambi za pembezoni mwa Goma kuvunjwa mwezi wa pili 2025, kuna maneno yanayorudiwa kila vijana wanapotajwa: mtoto wa mkimbizi apewe unga na mashini ya kushona, kompyuta ni ya watu wa mjini. Maneno hayo tuyakatae.

Koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie huingia ndani ya kompyuta za dunia. Kwa nini mtoto wa mchimbaji wa Masisi au Walikale asiiguse mashine hiyo?

Hatuzungumzii kupiga chapa barua. Tunazungumzia kuchora kitu kizima, chenye urefu, upana na kimo. Amri za kuanzia ni chache. Chukua gurudumu la chukudu. Chora duara, ulivute kwenda juu: limekuwa kipande kinene. Chora duara dogo katikati, ulitoe: tundu la beringi limepatikana. Ukitaka kuongeza kipande kingine, unakiunganisha. Kuvuta, kutoa, kuunganisha: seremala anayajua hayo tayari kwa msumeno na gundi. Lakini ubao ukikatwa vibaya, pesa imepotea. Kwenye kioo unabadilisha namba tu, na gurudumu linajirekebisha.

Watasema ni ghali. Programu ya FreeCAD ni ya bure, inabebwa kwenye flashi, na ikishawekwa kwenye mashine haihitaji intaneti. Laptopu ya kawaida, paneli ya jua na mwalimu mvumilivu vinatosha kuanza. Vijana watapokezana zamu.

Mashirika nayo yaache kujisifu kwa wingi wa vyeti. Kukariri majina ya amri ubaoni, bila kugusa mashine, si ujuzi. Kipimo kiwe kimoja: kijana achore kitu, fundi wa kijiji akitengeneze kwa vipimo vyake, na kifanye kazi. Wasichana wawemo pia, si kwenye ushonaji tu.

Wazazi, mradi ukija kuandikisha watoto wenu, ulizeni kwanza: mashine ziko ngapi? Umeme utatoka wapi? Mtoto ataondoka hapo akijua kutengeneza nini? Wakishindwa kujibu, msikubali kuandikisha majina.